Viti vya Rangi ya Jeshi

Nimewasikia. Msijifanye mnaangalia simu. Tangu asubuhi mko hapa saluni kwa mke wangu, mmechomeka chaja zenu kwenye umeme anaoulipia yeye, na mnanong'onezana kwamba kile kiwanda cha silaha cha kule Jacobs, kusini mwa jiji, kinaajiri tena, kwamba dunia imekumbuka kupigana na kwa hiyo kazi iko. Kisha mmoja wenu akaniuliza kwa adabu kabisa: "Papa Furaha, wewe ulifanya kazi na wale watu. Tuombe?" Haya. Kaeni. Nyanyueni miguu Mama Furaha afagie nywele, na mnisikilize. Mmemuuliza mzee aliyestaafu swali kuhusu kazi yake, na adhabu ya kosa hilo mnaijua.

Kwanza tuelewane. Mimi sikuwahi kutengeneza bomu. Kazi yangu ilikuwa ya heshima zaidi: niliajiriwa kuwafundisha watengenezaji wa mabomu namna ya kuishi bila mabomu. Serikali ilipunguza fedha za jeshi, jeshi likapunguza oda, kiwanda kikapunguza watu, na wale watu, kwa kuwa hawakuwa na wa kumpunguza, wakakaa nyumbani wakapungua wenyewe. Hapo ndipo mtu mmoja mwenye huruma na bajeti akasema wasaidiwe.

Kwetu Kongo, bonde la Ruzizi, nilikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha sukari, mpaka vita vilipokuja kuikagua ile mitambo. Hapa Durban nilianza kama baba zenu wengi, kwa kulinda magari ya watu kule ufukweni, nimevaa fulana ya manjano, namwonyesha mwenye gari namna ya kutoka mahali alipoingia mwenyewe bila msaada. Baadaye nikapata kazi ya kulehemu Jacobs, na mwishowe kituo kimoja cha mafunzo cha hapohapo kikanichukua nifundishe. Kituo hicho ndicho kilichopewa kandarasi ya kuwasaidia wale watu wa silaha.

Mkurugenzi wetu alikuwa mtu mwema aliyependa mikutano kuliko chakula. Aliniita ofisini, akafungua kompyuta yake, akauliza, "Una uzoefu wowote na zana za kivita?"

"Ninao, mkuu. Upande wa kupokea."

Akaandika kwamba ninao. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa, vijana, na msiniambie tena kwamba mkimbizi hapati kazi inayolingana na ujuzi wake.

Wiki ya kwanza haikuwa yangu. Ilikuwa ya mtaalamu aliyeletwa kwa ndege kutoka Johannesburg, mwenye viatu vyenye ncha na picha ya kipepeo. Aliionyesha ile picha ukutani, kipepeo anatoka kwenye gamba lake, akawaambia watu wenye mvi kwamba wao sasa ni yule kipepeo. Watu walikuwa wamekaa na biskuti mkononi, wakimtazama. Walikuwa wamezoea kutazama kitu kwa makini bila kuonyesha wanachofikiri, na yeye akadhani wameguswa. Kila mmoja alipewa faili lenye kipepeo huyohuyo juu yake, na ndani ya faili mlikuwa na maelezo ya kufuga kuku.

Lishikeni hili, litawafaa popote: mpango wowote wa kuwasaidia waliopoteza kazi, ukiufuata mpaka mwisho, utakuta kuku. Sijui kwa nini. Labda kuku ndiye mwenye mpango.

"Mimi sili nyama," alisema Pillay. Huyu alikuwa mkereza chuma, mtu mrefu, mkavu, kwao ni Wahindu wa huko huko kusini mwa jiji. "Huyo kuku nitamfanya nini? Nitaongea naye?"

Mtaalamu akasema swali zuri. Jioni akarudi Johannesburg, na sisi tukabaki na vipepeo wetu.

Sasa nikaanza mimi, na nilianza na zoezi la usaili, kwa sababu wengi walikuwa wameshakwenda kuomba kazi mahali pengine na wote walikuwa wamekataliwa. Mafundi wazuri hivyo! Jacobs nzima imejaa viwanda, kuna vya rangi, vya sabuni, vya pampu, na hakuna hata kimoja kilichowataka. Nilidhani ni umri. Nikakaa mezani, nikajifanya mwajiri, nikamwita MaNgcobo.

MaNgcobo mngempenda, baada ya kumwogopa kwanza. Ni mama wa Kizulu, anakaa mtaa wa Cato Manor, mjane, na wajukuu wawili walikuwa mikononi mwake. Kiwandani alikuwa mkaguzi. Kipande hakitoki bila muhuri wake, na muhuri wake hautoki bila yeye kutaka. Mimi na yeye tuliongea kwa Kizulu changu cha kuokoteza na Kiingereza chake cha shule, lakini tuliongea, tena tuligombana vizuri kabisa.

"Mama, ulikuwa unafanya kazi wapi?"

"Upande wa kusini."

"Kusini wapi?"

"Karibu na barabara."

"Na ulikuwa unafanya nini hapo?"

"Nilikuwa nafika mapema."

"Ukishafika?"

"Nakaa kwenye benchi langu."

"MaNgcobo, nikuajiri uje ukae?"

"Wewe niajiri. Utaona mwenyewe."

Eish! Nikaelewa. Mle kiwandani, kila mtu alikuwa na kipande chake. Kipande kinaingia kwa mlango huu, unakikereza au unakipima, kinatoka kwa mlango ule. Kina namba, hakina jina. Hujui kimetoka wapi, hujui kinakwenda wapi, na huulizi. Walikuwa na msemo wao kwa hilo, "haliulizwi", na walikuwa wakiutamka kama ninyi mnavyosema amina. Ukiuliza, unaitwa ofisini na watu wasiotabasamu. Basi wamefungwa mdomo maisha yao yote, halafu siku moja wanatolewa nje ya geti na kuambiwa waende wakajieleze kwa mwajiri mpya. Wakaenda, wakakaa mbele ya mwajiri kimya. Mwajiri mmoja alimwambia Pillay, kwa upole sana, kwamba yeye hana tatizo lolote na watu waliotoka gerezani, mradi waseme ukweli.

"Ukamjibu nini?" nilimuuliza.

"Nilimshukuru. Alikuwa mtu mzuri."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta, na Pillay akaninunia siku nzima. Kisha nikawafundisha njia, na ninyi ichukueni bure: usiseme ulitengeneza nini, sema mkono wako unajua nini. "Nakereza chuma mpaka unene wa unywele, na cha mia kinafanana na cha kwanza." Basi, hapo hujatoa siri ya mtu. Na ninyi pia, mkienda kuomba kazi, acheni kusema mlikuwa mnajishughulisha hapa na pale. Sema, nafungua simu iliyoingia maji na inawaka. Mwajiri hana haja na hadithi ya maisha yako, tena imejaa uongo.

Wachache walipata kazi kwa njia hiyo. Wengi hawakupata, kwa sababu mvi ni mvi. Ikabidi tuwatafutie kazi yao wenyewe. Kiwanda kilikuwa na karakana moja tupu, mtaa mwingine, mbali na geti lao, na wakubwa wakatuazima mpaka mwisho wa mwaka. Tukipata mnunuzi wa kweli, wa kitu kisicholipuka, tunapewa mkataba na watu wanabaki. Tusipopata, karakana inachukuliwa na tajiri mmoja wa vigae aliyekuwa akiitaka iwe ghala lake. Tajiri huyo alikuwa akija kila baada ya muda na tepu yake, anapima ukuta, anatusalimia, anaondoka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anatungoja tu, kama mtu wa mazishi anavyomngoja mgonjwa.

Kitu chenyewe tulikipata hapa hapa saluni. Mke wangu alikuwa na kiti cha kuletwa kutoka nje, cha kupanda na kushuka kwa kukanyaga pedali, kizuri, king'aacho. Jumamosi moja alikuwa amemkalisha mama mmoja wa kwaya, mwili wake wa heshima, na nywele zimesukwa nusu. Kiti kikashuka naye chini chenyewe, kikatua puu, na yule mama akaimba noti ambayo ilisikika mpaka stendi ya taksi. Hakuumia. Ila alisimama akatoka na nusu ile ya nywele, na mpaka leo anasali kanisa lingine.

"Wewe si fundi?" Mama Furaha alinipigia kelele kwa Kiswahili cha kwetu. "Miaka yote hii minasema bwana yangu iko fundi, fundi, na bateja bangu banaanguka! Fundi ya nini?"

Basi nikakibeba kile kiti mpaka karakana, nikakiweka katikati, nikawaambia, "Tutengeneze hiki, lakini kisianguke."

Pillay alikizunguka. "Cha nani?"

"Pillay," alisema MaNgcobo, "hilo haliulizwi."

Na mimi, mpumbavu, nikanyamaza. Nilidhani ni mzaha.

Vijana, walitengeneza kiti. Walikitengeneza wiki baada ya wiki. Kila bolti ilipimwa, kila nati ikafungwa kwa waya isije ikalegea kwa mtikisiko, ingawa saluni ya mke wangu haijawahi kuruka angani. MaNgcobo alikataa miguu ya kwanza, akakataa na ya pili. Rangi wakapaka ileile waliyoikuta imebaki kwenye pipa, kijani cha jeshi, kwa sababu pipa lilikuwepo na kutupa rangi ni dhambi. Bei yake siitaji. Mngeanguka ninyi badala ya kiti.

Tulikileta mjini kwa bakkie, ile pikapu ya Pillay. Lifti ya jengo hili ilikufa kabla sijafika Durban, kwa hiyo tulikipandisha ngazi, wanaume wanne, tukipumzika kila pembe. Wauza simu wa chini walitoka kutazama. Mmoja akaniuliza kama mke wangu amefungua benki.

Mama Furaha alikitazama kwa muda mrefu.

"Hii ni kiti," aliuliza, "ao ni tanki?"

"Ni kiti, Mama Furaha. Hiki hakianguki."

"Kitaanguka wapi? Sakafu njo itaanguka."

Alijaribu kukizungusha, hakikuzunguka mpaka aliposhika kwa mikono yote miwili na kukanyaga ukuta. Pedali ilitaka buti la askari. Mteja wa kwanza alikaa, akashika pembeni, akauliza kwa sauti ndogo kama atarushwa sasa hivi au baadaye. Nilikigeuza chini nikaona namba imechongwa, na kando yake muhuri wa MaNgcobo, umekaa sawasawa. Kitu kilikuwa hakina kosa hata moja, ila hakikuwa kiti. Mkurugenzi alikuja, akakipiga picha, akakiweka kwenye ripoti chini ya neno "mafanikio".

Nilirudi karakana nimekasirika. Nikamwambia MaNgcobo, "Jumamosi utakuja mjini, ukae saluni uone."

"Sijawahi kufuata kipande nje ya geti."

"Ndiyo maana."

"Wataniita ofisini."

"Nani? Ofisi gani? MaNgcobo, wamekufukuza!"

Niliona nimemuumiza, na nilijuta pale pale, lakini Jumamosi alikuja. Alivaa kofia ya kanisani. Mke wangu akampa pembe ile, hapo alipokaa huyu mwenye miwani, na kikombe cha chai, na akakaa tangu tunafungua mpaka tunafunga. Alitazama msusi anavyoinama mpaka mgongo unamlilia. Alitazama shingo ya mteja inavyochoka kwa saa zote zile, na mtoto anayepakatwa kwa sababu hana wa kumwachia, na maji ya sinki yanayochuruzika mpaka kwenye pedali, na nywele za bandia zinazojiviringisha kwenye kila kitu kinachozunguka. Mchana nikamkuta amepiga magoti chini ya kiti cha jirani, kofia kichwani, anachomoa nywele kwenye gurudumu kwa kibanio alichomwomba mteja.

"Nani aliweka gurudumu mahali penye nywele?" aliniuliza kwa hasira. "Huyu mtu hajawahi kuja hapa?"

"Kama wewe," nikamwambia.

Alinitazama, kisha akaendelea kuchomoa.

Nilimrudisha Cato Manor kwa bakkie niliyoazima kwa Pillay. Tulikuwa tumesimama kwenye taa za robot, nyekundu, ndefu, na yeye akasema bila kugeuka, "Baba, ulikimbia vita."

"Ndiyo, Mama."

"Yale yaliyoanguka kwenu. Yalikuwa na namba?"

Nilikuwa tangu mwanzo nangojea mtu mmoja wa karakana ile aniulize, na nilikuwa nimeandaa jibu refu, chungu, la kumkata mtu. Likanipotea lote. "Mama," nikasema, "tulikuwa tunakimbia. Hatukusimama kusoma."

Robot ikawa kijani. Hakuniuliza kitu kingine mpaka kwake, na aliposhuka alinishukuru kwa lifti.

Jumatatu MaNgcobo alibadilika, na karakana nzima ikapata homa. Alisimama na mchoro akaanza kugawa hukumu. Bomba la kupandisha kiti: pima mpaka unywele, kwa sababu hapo ndipo mama wa watu anaanguka. Kitako: pima. Mahali pa kuweka mkono: acha, macho yanatosha. Waya kwenye nati: toa wote. Pillay alishika benchi aliposikia kwamba macho yanatosha. Aliniambia baadaye kwamba alidhani mama ameugua.

Hili nalo ni la bure, na ndilo nililolifundisha miaka iliyobaki: kazi nzuri si kubana kila kitu. Jua mahali pa kubana na mahali pa kulegeza, na hutalijua mpaka umwone anayekitumia. Nimekuta mafundi wa viatu wasiotazama miguu. Nimekuta ninyi mnaotengeneza simu ya bibi kizee mkamwekea maandishi madogo kama chawa.

MaNgcobo alimpigia simu mke wangu kumwuliza rangi. Fikirini, alimpigia mteja kumwuliza! Mama Furaha akasema nyekundu iliyoiva, isiyoonyesha madoa. Kiti cha pili kilipandishwa ngazi na mtu mmoja. Mke wangu alikikanyaga kwa ncha ya kandambili kikapanda, akakisukuma kwa kiuno kikazunguka, na akalia. Alisema ni vitunguu, hakukuwa na kitunguu hapa.

Wenye saluni wa mtaa huu wakaja kukaa, mmoja baada ya mwingine. Habari zikafika kwa duka moja linalouza vifaa vya saluni, na mwenye duka akatoa oda ya kweli, ya kutosha kututoa kwenye tepu ya tajiri wa vigae. Alikuwa na sharti moja. Alishachoka kurudishiwa viti vilivyoangusha watu, kwa hiyo kila kiti kiwe na muhuri wa yule mama aliyepiga magoti saluni. Muhuri ukikosekana, hapokei. Tukakubali. Nani angekataa? MaNgcobo alikuwepo.

Basi dunia, ambayo haijawahi kukosa namna ya kutusaidia, ikaanza kuagiza tena. Nchi za mbali zikaishiwa mabomu, sijui waliyaweka wapi, na kiwanda kikapata oda kutoka nje. Wakubwa walewale waliowatoa watu kwa kipepeo wakaanza kuwapigia simu. Mshahara mkubwa kuliko wa zamani, matibabu, na basi la kuwachukua. Na mnajua kituo chetu kilipewa kandarasi gani mpya? Kuwasaidia wafanyakazi wazoee kurudi. Naapa. Mtaalamu alikuja tena kutoka Johannesburg na viatu vyake, akawasha mashine yake ukutani, na alikuwa kipepeo yuleyule. Safari hii, nadhani, alikuwa anarudi ndani.

Pillay alikuja kuniaga na sahani ya sambusa. "Nina binti chuo kikuu," alisema.

"Najua."

"Usinitazame hivyo."

"Nakutazama na macho yangu, Pillay, sina mengine." Lakini nilizila sambusa, na tulikumbatiana, na sikumlaumu. Simlaumu hata leo. Kodi ya nyumba haisikilizi hotuba ya mtu.

Ijumaa walimpigia MaNgcobo. Alinieleza wakati tunafunga mlango, funguo mkononi. Wanamtaka Jumatatu asubuhi.

"Kuna matibabu," alisema. "Mjukuu wangu mdogo ana pumu."

"Ni jambo zuri."

"Na basi linapita Cato Manor."

"Ni jambo zuri sana, Mama."

Nilitaka kumwambia baki. Nilitaka kumwambia kuhusu nyumba yetu kule bondeni, na jirani yetu aliyekuwa anachota maji bomu lilipoanguka. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe sikujua ni ya nani, kwa sababu yeye alikuwa amesimama mbele yangu na mfuko wa mkate, anafikiria kifua cha mtoto. Nikamwambia nenda salama. Nilifika nyumbani nikagombana na mke wangu kuhusu chumvi.

Jumatatu hakuja. Viti vilikuwa vimepangwa mstari, vyekundu, vimekwisha, na chini ya kila kimoja pale pa muhuri palikuwa patupu. Bakkie ya mwenye duka ilikuwa inakuja mchana. Watu waliobaki walikuwa wachache, wakijifanya wanafagia. Mmoja akasema, si tupige muhuri wenyewe, nani atajua? Nikamwambia afagie. Tajiri wa vigae naye, kwa kuwa oda ikikataliwa karakana ni yake, alikuwa ameshafika na tepu yake, ameanza ukuta wa kushoto, na akaniuliza kama viti hivi nitavihamisha mimi au avihamishe yeye.

Saa ya chai ilipita. Nilikuwa nimechuchumaa, nafungua springi ya kiti cha mwisho na kuifunga tena ili mikono ipate cha kufanya, niliposikia viatu. MaNgcobo. Kofia ya kanisani kichwani, jasho usoni. Alikuwa ametembea kutoka kiwandani, sababu basi haliwarudishi watu saa ile.

"Umesahau kitu?" nikamwuliza. Sauti yangu ilikuwa mbaya.

"Nimewauliza vipande vinakwenda wapi."

Hakuna aliyefagia tena.

"Wameniweka kwenye benchi langu lilelile," alisema. "Wameniletea trei. Nikamwita mkubwa, nikamwuliza, hivi vinakwenda wapi? Akacheka. Akasema, MaNgcobo, umesahau? Hilo haliulizwi. Nikamwambia sijasahau. Nikamwambia mimi nimekaa Jumamosi nzima natazama kitu kikitumika, nimeshaharibika, sifai tena. Nikachukua kofia yangu."

"Na mtoto? Kifua chake?"

"Tutapanga foleni kliniki, kama watu." Kisha akasema, "Usiniulize tena hilo, Baba. Naogopa."

Alivua kofia, akaitundika kwenye msumari, akavaa koti lake la kazi. Alimpita tajiri wa vigae akamwambia aondoe tepu yake, inapita juu ya kazi. Akaja mpaka kwenye kiti nilichokishika, akakigeuza juu chini, akaweka kidole.

"Springi hii nani ameifunga?"

"Mimi."

"Mwalimu?"

"Ndiyo, Mama."

"Rudisha."

Niliifungua, nikaifunga upya, na macho yananichuruzika mpaka kwenye chuma. Niliwaambia ni moshi wa kulehemu. Siku hiyo hakuna mtu aliyekuwa amelehemu kitu.

Karakana iko. Yeye bado yuko pale, anaonea watu. Mjukuu bado ana pumu, na foleni ya kliniki bado ni ndefu, msije mkafikiri mambo yalinyooka. Ninyi ombeni au msiombe, mimi si baba yenu. Lakini mkiitwa, ulizeni vinakwenda wapi, kisha mje mniambie kama bado wanacheka. Na wewe mwenye miwani, inuka hapo kwenye kiti, mteja amefika.